Lango la Ugenini

Juzi kijana wangu alirudi kutoka mazoezini akichechemea, nikamtuma dukani alete dawa ya kuchua, ile ya kichupa kidogo inayowasha pua hata kabla hujafungua kifuniko vizuri. Nilimchua kifundo mara mbili, nikashindwa. Nikamwambia ajimalizie mwenyewe, nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo kama mtu anayeangalia kama zimekauka, na hakukuwa na nguo hata moja. Baba alinuka hivyo mwaka wa mwisho aliokuwa nasi. Blanketi lilinuka hivyo, na sufuria za mama zilinuka hivyo, na mimi nikienda shule nilikuwa nanuka hivyo, watoto wananiita Zahanati.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliachia darasa la sita, na mkono wangu wa kulia una vidole viwili visivyokunjika, kwa hivyo kalamu naishika kama mwiko. Lakini watu wa rika langu tuliokulia mtaa wa Baba Dogo wanaikumbuka timu ya Misumari, na kila nikiwasikia wakiizungumzia wanacheka. Watakwambia magoli, watakwambia lori, watakuimbia na nyimbo. Ukuta hawautaji. Basi nitautaja mimi, na watu pia nitawataja kwa majina. Mji ulipokuwa huo ukuta ndio sitautaja, kwa sababu ukuta ulikuwa ukuta tu, haukumwita mtu aupande.

Tulikaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha misumari. Mashine ikianza asubuhi vikombe vilitetemeka kwa rafu, na ikinyamaza ndipo ulipojua ilikuwa inapiga kelele. Baba alikuwa kibarua mle ndani, na timu ilikuwa ya vibarua, ndiyo maana ikaitwa Misumari. Baba hakuwa mchezaji. Yeye alipiga isikuti, ngoma aliyokuja nayo kutoka kwao Bungoma, na bila ile ngoma mashabiki walisema hata kipa hawezi kuamka. Mechi za nyumbani hazikumsumbua mama. Ugenini ndiko kulikomnyima usingizi, maana wanaume wa mtaa wetu wakitoka Jumapili na lori wengine walirudi Jumanne, bila viatu, na hadithi isiyoeleweka.

Akina mama walikuwa wamepata dawa yao. Mume akienda ugenini, anapewa mtoto. Si kwamba mtoto anapenda mpira. Mtoto ni askari. Mwanamume mwenye mtoto mkononi haingii mahali pa pombe ya chang'aa, na akiingia, habari inafika nyumbani kabla yake. Lori letu kwa hivyo lilikuwa na watoto wanane au tisa kila safari, wote wamepigwa mafuta usoni, wote wamepewa maagizo. Mimi nilikuwa mkubwa kwetu, miaka tisa, nikachaguliwa mimi. Mama aliniinamia akanifunga kitambaa kichwani mpaka macho yakavutika.

"Nekesa, macho yako yakae kwa baba yako. Asiende mahali wewe hujaona. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Kitu kikimpata, nitakuuliza wewe."

Alisema hivyo kama mama yeyote anavyosema, akageukia chai yake. Mimi sikulichukua hivyo.

Safari ya kwanza ilikuwa Thika, karibu tu. Lori lilikuwa la kubeba vyuma vikuukuu, sakafu imejaa vipande vya waya, tukakalia magunia. Wanaume walisimama wameshika vyuma vya turubai na kuimba, baba katikati yao na ngoma kwapani. Tuliingia uwanjani kwa lango kuu kama watu wote, tiketi mkononi. Tukafungwa manne bila. Wakati wa kurudi hakuna aliyeimba, mpaka Mwenyekiti Okumu alipopanda juu ya gunia na kuondoa kofia.

Huyu Okumu ndiye mwenyekiti wa mashabiki. Mtu mrefu, mwembamba, meno yameachana, sauti ya mhubiri. Akasema, "Ndugu zangu, hatukufungwa na wachezaji leo. Tumefungwa pale lango kuu tulipoingilia. Wamezika kitu. Mimi nimeona udongo mpya kwa macho yangu."

"Udongo mpya ni wa bomba la maji, Mwenyekiti," akasema Kamau. Huyu aliuza magazeti kwenye stendi, na alikuwa wa pekee kwenye lori aliyevaa tai. "Hata fundi nimemwona na koleo lake."

"Wewe Kamau, watu wa Murang'a mnajua nini mambo ya mpira? Nyinyi mnajua viazi."

"Afadhali viazi. Viazi havifungwi manne."

Lori lote likacheka, hata baba. Okumu akangoja wamalize, kisha akasema polepole, na neno hili nitalikumbuka hata nikisahau jina langu, "Chekeni. Lakini mguu uliokanyaga pale si wako tena. Ni wao."

Nilitazama chini. Viatu vya baba vilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye kamba.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, wanaume wawili walimleta baba nyumbani wamembeba. Roli la waya, lile bunda zito la waya uliozungushwa, lilikuwa limemwangukia mguu wa kushoto. Mtu wa kwanza wa kulaumiwa hapa ni Mutiso, msimamizi wa zamu. Vibarua walimwambia Mutiso wiki nzima kwamba kulabu ya kushikia roli imelika, naye akajibu itashika mpaka mwisho wa mwezi. Haikushika. Mutiso hakuja hata kumwona, alituma mtu na glavu za baba. Hayo niliyajua baadaye sana. Siku ile hakuna aliyemweleza mtoto kitu, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa tayari najua. Jumapili amekanyaga, Jumatatu mguu umechukuliwa. Kulikuwa na nini cha kuuliza?

Na kama nilikuwa na shaka kidogo, Okumu aliiondoa. Alikuja jioni hiyo na mkate na sukari, akakaa kwenye kiti chetu kimoja, akautazama mguu uliovimba kama mhogo, akasema huku anatabasamu, "Unaona sasa, Wafula? Lile lango."

Baba akacheka mpaka akashika mbavu. Okumu naye akacheka. Ulikuwa mzaha wa wanaume wawili waliozoeana. Mimi nilikuwa chini, karibu na jiko, nachambua majani ya sukuma wiki, na hakuna aliyenitazama.

Baba alikaa nyumbani wiki nyingi, na mama alimchua asubuhi na jioni na ile dawa. Mguu ulirudi lakini haukurudi wote. Alitembea akiurusha pembeni. Mimi nami nikaanza ugonjwa wangu. Siku hizo sikuweza kupita lango lolote kabla ya kutazama udongo. Lango la shule nililiruka, miguu pamoja. Lango la kanisa nililipita nikiwa nimeshika kiganja cha mama kwa nguvu mpaka akanifinya. Kukiwa na udongo uliochimbwa nilisimama nje mpaka kengele ya pili, na mwalimu wa zamu akanichapa, kesho yake nikachelewa tena. Mwalimu aliuliza, "Wewe una shida gani na lango?" Nilinyoosha mkono anichape.

Safari ya pili ilikuwa Nakuru, na Okumu alikuwa ameshatoa amri. Hakuna mtu wa Misumari atakayekanyaga lango la ugenini tena, awe mchezaji awe shabiki. Ukiwaambia watoto wa leo hawaamini: tulinunua tiketi, kila mmoja yake, kisha tukazunguka nyuma ya uwanja tukaingia kwa kutambaa chini ya ua, kwenye mtaro, tiketi tumeziuma kwa meno zisilowe. Askari wa uwanja alikuja mbio na rungu, akasimama akashangaa.

"Nyinyi mna tiketi?"

Watu wakamwonyesha.

"Sasa mbona mnaingia kama wezi?"

"Afande, wewe kata tu," Okumu akamwambia kutoka mtaroni, amelala kwa tumbo.

Akazikata, moja moja, amechutama. Baba alitambaa kwa shida, mguu wake ukiburutwa nyuma, matope mpaka kwenye nywele, lakini nilimwona akipita chini na sio langoni, na kwa mara ya kwanza tangu Thika nikapumua mpaka chini. Tulishinda moja bila. Sasa hata ungeleta askofu, hungewaambia wale watu kitu kuhusu malango.

Nimefika pale nisipopataka. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, mwaka ule wa mvua zisizokwisha, barabara zimebomoka. Tukifungwa tulikuwa tunashuka daraja. Uwanja ulikuwa mbali, mwendo wa saa sita kwa lori. Mama hakutaka.

"Na huo mguu, Baba Nekesa?"

"Mguu unaenda kukaa. Hauendi kucheza."

"Utakaa wapi, kwa lori la vyuma?"

"Nekesa atanikalia karibu. Si ndio, askari?"

Mama akanitazama. Hakurudia maagizo yake. Sikuhitaji.

Tuliondoka asubuhi na mapema. Wengine waliimba, wengine walicheza karata. Kwenye kizuizi cha polisi watu walilala chini ya turubai, kwa sababu lori halikuruhusiwa kubeba abiria, na polisi alipouliza dereva amebeba nini tukamsikia dereva akijibu, "Kabeji," na mmoja wetu akapiga chafya. Polisi akasema, "Kabeji zako zina mafua," akamwacha apite. Kila mtu alicheka mpaka mji wa mbele. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya ngoma ya baba, nimeizungusha kwenye kiganja mara tatu, na nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: huko kutakuwa na mtaro? Kutakuwa na ua uliotoboka? Nilimwuliza baba mara nne. Mara ya nne akasema, "Mtoto wangu, kwani wewe ndiye kocha?"

Hakukuwa na mtaro. Kulikuwa na ukuta wa matofali kuzunguka uwanja wote, mrefu kumpita mtu mzima, umelowa mpaka umekuwa mweusi, majani yameota juu yake. Na lango moja. Okumu alikwenda kulikagua, ameweka mikono nyuma kama daktari. Pembeni mwa lango kulikuwa na jivu, rundo dogo, na sehemu iliyomwagwa maji. Kamau alisema hapo huwa anakaa mama wa mahindi ya kuchoma. Okumu hakumsikiliza. Alirudi akiwa amevua kofia.

"Hapa hapapitiki. Tunapanda."

Basi watu wakaanza kupanda ukuta, tiketi kwa meno. Wachezaji wenyewe walikuwa wameshapanda kabla yetu, viatu shingoni. Mtu mmoja anainama, mwingine anapanda mgongo wake, anakaa juu, anavuta wa tatu. Wengine walibaki juu, wameketi kama kuku, wanaimba, miguu inaning'inia. Watoto walirushwa juu na kudakwa upande wa pili. Kamau alikunja gazeti lake, akanyoosha tai.

"Mimi nina tiketi na nina miguu miwili. Tutaonana ndani, nyani nyinyi."

Akaenda langoni. Nilimfuata kwa macho. Alikanyaga jivu. Akapita. Upande wa ndani, kwenye nafasi ya lango, nilimwona akinunua njugu, akageuka akatupungia mkono. Nikamhurumia sana. Nilijiambia, hajajua bado. Atajua kesho.

Ndipo baba akautazama ukuta, akautazama mguu wake, akasema, "Mwenyekiti, leo mimi nitapita na Kamau. Huu mguu hauwezi ukuta."

Na Okumu, nitaandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa halinipendezi, Okumu alisema, "Sawa tu, Wafula. Wewe pita. Mgonjwa hahesabiwi."

Baba akaanza kutembea, akiurusha mguu pembeni. Hatua tatu, nne. Mimi nikamshika suruali nyuma.

"Baba, usipite hapo."

"Kwa nini?"

"Usipite."

"Nekesa, wacha. Mechi inaanza."

"Watachukua na ule mwingine."

"Mwingine nini?"

"Mguu."

Alicheka. Kisha akanitazama vizuri na akaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nalia na nilikuwa nimejikojolea, msichana mkubwa wa miaka tisa, mbele ya watu. Alinichutamia kwa taabu, akaniwekea mkono kichwani, juu ya kitambaa cha mama. Angeweza kunieleza. Angeweza kusema roli lilianguka, kulabu ililika, mwulize Mutiso. Nadhani hakujua nilichokuwa nimebeba. Alijua tu kwamba mtoto wake analia na kwamba kuna njia rahisi ya kumnyamazisha.

"Nikipanda ukuta utanyamaza?"

"Ee."

"Haya. Tupande."

Akamgeukia Okumu, ambaye alikuwa hapo hapo, hatua mbili, amesikia kila neno, wengine wote wakiimba. "Nishikie ngoma, Mwenyekiti. Bosi wangu amekataa lango." Okumu akaipokea. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, na ndani ya uwanja filimbi ikalia, watu wakapiga kelele, na akaufunga.

Baba aliniinua mimi kwanza. Wanaume waliokaa juu wakanipokea, nikakalishwa kati yao, matofali yananilowesha mapaja. Niliweka mkono wa kulia kwenye ukingo ili niiname nimwone. Sikutaka kumwacha hata mara moja. Alikuwa ameshikwa mikono miwili na watu wawili wanaomvuta, mguu mzuri unatafuta pa kukanyaga, uso wake umenielekea, jasho puani. Alikuwa anatabasamu. Alisema, "Umeona sasa?"

Ukuta ukacheza. Sina namna nyingine ya kusema. Ulicheza kama jino la mtoto, ukaenda ndani kidogo, ukarudi nje, na haukusimama.

Sikusikia kishindo. Nakumbuka ndani ya uwanja waliendelea kucheza kwa muda, mpira ulipigwa mara mbili tatu nikiwa chini, niliusikia ukidunda, du! du!, na watu wakishangilia. Nakumbuka mkono wangu ulikuwa mahali nisipouona. Nakumbuka Kamau akija mbio kutoka langoni kwa miguu yake miwili, tai imeruka begani, akiyatoa matofali na kuyatupa nyuma, anasema, "Wafula, Wafula, ndugu yangu, ongea." Baba hakuongea. Wanne walivunjika miguu na mikono. Aliyekufa alikuwa mmoja.

Ukikutana na wazee wa Misumari watakwambia siku ile tulitoka sare, tukabaki ligini. Wanasema hivyo kwa furaha, mbele yangu.

Tulirudishwa siku ya pili mchana, mimi na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Chumba chetu kilikuwa kimejaa akina mama wa kanisa, wamekaa chini, godoro limetolewa nje. Walikuwa wanaimba na wakanyamaza nilipoingia. Mama alikuwa amekaa pembeni bila kitambaa kichwani. Sikuwahi kumwona bila kitambaa isipokuwa usingizini. Hakunikumbatia.

"Nekesa."

"Mama."

"Baba yako na mguu ule. Nani alimpandisha ukuta?"

Alikuwa ameniambia ataniuliza mimi. Nilikuwa nimesubiri swali hilo njia nzima, kila shimo la barabara, na nilikuwa na jibu, lilikuwa limenijaa kinywani kama mate. Nikageuka. Okumu alikuwa amesimama mlangoni, ameinama kidogo kwa urefu wake, ngoma ya baba mikononi. Hakuthubutu kuingia.

Nikanyoosha mkono uliokuwa mzima.

"Ni Mwenyekiti."

Chumba kizima kikamgeukia. Alinitazama. Mimi na yeye tulikuwa watu wawili tu duniani waliojua. Nilimwona akilipanga neno lake, na nikajua sasa atasema, na mama atajua, na mimi nitakuwa sina mahali.

"Mtoto amesema kweli, Mama Nekesa," akasema. "Ni mimi."

Akaiweka ngoma chini, kwenye kizingiti, taratibu, kama inalala. Akina mama waliinuka. Mmoja alimrushia kiatu, kikampiga begani, hakujikinga. Mwezi haukuisha kabla hajahama Baba Dogo. Watu walimtemea mate mpaka kituo cha basi, na wale wale aliowaongoza kupanda kuta walikuwa mbele.

Nimemtaja Okumu miaka yote hii na leo namtaja tena. Yeye ndiye aliyezika kitu langoni, hakuna mwingine, na alikizika kichwani mwangu. Alisema maneno ya ovyo mbele ya mtoto na hakutazama chini kuona nani anasikiliza. Mutiso na kulabu yake sijamsamehe, na Okumu sijamsamehe. Lakini la siku ile mlangoni nashindwa nimshtaki vipi. Alichukua lililokuwa langu akaondoka nalo, hakuniuliza, na tangu hapo sijapata pa kulirudisha. Nilijaribu mara moja, nikiwa mtu mzima. Mama alikuwa ananisuka. Nilisema, "Mama, siku ile ya ukuta," akanikata, akasema, "Usilitaje jina la yule mtu nyumbani kwangu," na mimi sikuwa nimetaja jina lolote.

Mama aliishi miaka kumi na tisa baada ya baba. Kila Jumapili kabla ya kula aliomba, na mwisho wa maombi alimtaja Okumu kwa jina lake kamili na la baba yake, Mungu amkaushe popote alipo. Nami nilikuwa hapo kando yake, nimefumba macho, naitikia amina.